LDL iliyooksidika: jibu la maabara linamwambia nini mgonjwa wa moyo?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu aliwekewa stenti (kibomba kidogo cha kuuweka wazi mshipa) baada ya mshipa mmoja wa moyo kuziba, na kila siku anameza atorvastatin, dawa ya kushusha kolesteroli. LDL yake, ile iitwayo kolesteroli mbaya, sasa ni 1.7 mmol/L, lakini maabara moja ya binafsi imempima pia LDL iliyooksidika na kuandika kwamba iko juu. Je, dawa imeshindwa? Wapo waliomshauri atumie vidonge vya vitamini E.

Jibu: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Nianze na lililo la haraka: baba aendelee na atorvastatin bila kuruka hata siku moja, kwani jibu hilo halithibitishi kwamba dawa imeshindwa.

Chembe ya LDL inapopenya ukuta wa ateri na kunaswa humo, mafuta na protini zake hushambuliwa na kemikali zinazotolewa na seli za mwili, zikiwemo chembe nyeupe za damu, na kubadilika, yaani kuoksidika. Makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza uchafu, huzibugia chembe hizo zilizobadilika hadi yenyewe yakajaa mafuta, na hapo ndipo utando unaoziba mshipa unapoanza kujengeka. Maelezo haya, ambayo Daniel Steinberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliyapanga kwa kina mwaka 1989, yana ushahidi mwingi wa maabara. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika ndani ya ukuta wenyewe, na kinachopatikana katika damu ya mkononi ni kiasi kidogo tu.

Kiasi hicho kidogo nacho kina habari. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walionyesha kwamba LDL iliyooksidika ilikuwa juu zaidi kwa waliopata mshtuko wa moyo, wakifuatiwa na wenye maumivu ya kifua yasiyotulia, kisha wale ambao maumivu yao yametulia. Ugumu unaanzia kwenye kipimo, kwa sababu jina hili moja hutumiwa kwa vipimo kadhaa ambavyo havipimi kitu kimoja. Kingamwili iitwayo 4E6 hukamata protini ya LDL iliyobadilishwa, na majibu yake huelekea kupanda na kushuka pamoja na LDL ya kawaida. Kingamwili E06 hukamata fosfolipidi (aina ya mafuta) zilizooksidika, ambazo nyingi hubebwa na lipoproteini(a), chembe ambayo kiwango chake huamuliwa zaidi na urithi kuliko chakula. Katika utafiti wa MIRACL, wagonjwa waliopewa miligramu 80 za atorvastatin kwa wiki 16 walipungukiwa na jumla ya fosfolipidi hizo, lakini kiasi kilichobebwa na kila chembe kiliongezeka. Msomaji wa namba ya pili peke yake angedhani dawa inamdhuru mgonjwa, ilhali inamsaidia.

Kuna pia suala la sampuli, nami nalipa uzito mkubwa. Damu iliyoachwa mezani kwa saa nyingi kwenye joto, bila kutenganishwa wala kuwekwa kwenye friza, inaweza kuendelea kuoksidika ndani ya chupa yenyewe. Hasa kwa vipimo vya oksisteroli, yaani kolesteroli iliyooksidika, namba ya juu yaweza kuwa imetengenezwa maabara. Ulizeni walitumia kipimo gani, na sampuli ilikaa wapi kabla ya kupimwa.

Kuhusu vitamini E, nawasihi msitumie fedha yenu huko. Utafiti wa Heart Protection Study wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2002, uliwagawa wagonjwa 20,536, nusu wakapewa vitamini E, C na beta-karotini, na vidonge hivyo havikupunguza vifo wala mishtuko ya moyo.

Kinachonishughulisha zaidi ni ile 1.7. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 unataka LDL ya mtu mwenye historia kama ya baba ishuke chini ya 1.4 mmol/L, kwa hiyo muulizeni daktari wake kama dozi iongezwe au aongezewe ezetimibe, dawa nyingine ya kushusha kolesteroli. Mwombeni pia apime lipoproteini(a), ambayo kwa kawaida hutosha kupimwa mara moja maishani. Ikizidi 50 mg/dL, au 125 nmol/L, basi wewe na ndugu zako wa damu nanyi mkapimwe.