Barua kwa mwanangu: seva iweke hapohapo dukani kwa shangazi yako

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma nikaona nisijibu kwa voisi, haya mambo inabidi uyasome taratibu ukiwa na laptopu mbele yako. Umeniuliza hivi: umeanza kutengeneza mfumo wa kompyuta wa kuandika vipimo vya wateja wanaoshonewa nguo na shangazi yako badala ya lile daftari, wenzako wanakwambia weka tu kwenye jedwali la bure la mtandaoni au nenda kasome kozi upate cheti, sasa unataka kujua kama kuna cha maana unachojifunza ukitengeneza na kuihosti mwenyewe, yaani kuiendesha kwenye seva yako, kompyuta inayobaki imewaka, na kama kipo, seva uiweke wapi.

Endelea na mfumo wako. Na uihosti mwenyewe, na seva ikae hapohapo dukani Morogoro.

Kozi sizipingi, soma tu ukipata nafasi. Ila kwenye kozi mteja ni wa kubuni na data ni safi, ukimaliza zoezi unafunga na hakuna anayekupigia simu. Mi nimekaa na seva za watu miaka mingi na ninachokiona kwa vijana wanaokuja kazini ni kwamba kuandika programu wengi wanajua, shida inaanza pale programu inapotakiwa iwe hewani Jumatatu, Jumanne, na mwezi ujao, na mtu anaitegemea. Hiyo sehemu ya kuiendesha ndo imejaa masomo, na huwezi kuipata mpaka uwe na mtumiaji wa kweli. Shangazi yako ni mtumiaji wa kweli, tena ana haraka na ana wateja wamesimama mlangoni, mwalimu bora kuliko huyo sijui utampata wapi.

Kabla hujaandika mstari mwingine kaa na lile daftari lake, lisome ukurasa kwa ukurasa. Umenitumia mchoro wa jedwali lako na nimeona umeweka jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo. Wateja wa shangazi hawaandikwi hivyo, anaandika Mama fulani, au Mwalimu wa jirani, au dada wa saluni, na anamjua kila mmoja. Weka sehemu moja tu ya jina aandike anavyotaka. Namba ya simu ihifadhi kama maandishi, usiihifadhi kama namba, la sivyo ile sifuri ya mwanzo inapotea. Vipimo navyo usiviweke ndani ya jedwali la mteja, viwekee jedwali lake na kila kipimo kiwe na tarehe, maana watu wananenepa, wanapungua, wanabeba mimba wanajifungua, na akija mtu anataka gauni kama lile la mwaka juzi shangazi anatakiwa aone cha mwaka juzi na cha leo vyote viwili, sasa we ukifuta cha zamani na kuandika kipya juu yake umeharibu kitu ambacho daftari lilikuwa linakifanya vizuri tu bila umeme.

Halafu kuna sare za harusi. Hapo ndo utajua kama umeelewa majedwali au bado. Oda moja, kitambaa kimoja, tarehe moja ya kuchukua, lakini watu kumi na kitu, kila mmoja na vipimo vyake na kila mmoja kalipa advansi yake kwa siku yake, mwingine kalipa nusu mwingine hajalipa kabisa, na mwenye shughuli anataka kujua nani anadaiwa. Ukiweza kuliweka hilo kwenye databesi bila kurudia jina la mtu mara tano tano, umejifunza kitu ambacho kozi nyingi zinakigusa juujuu.

Hela ziandike kwa namba kamili, shilingi nzima, usiweke desimali. Kompyuta inahifadhi desimali kwa mfumo wa mbili, yaani sifuri na moja tu, kwahiyo 0.1 haiwezi kuiandika sawasawa, jaribu mwenyewe kwenye Python andika 0.1 + 0.2 uone inavyokuletea 0.30000000000000004. Kwa bahati inchi za fundi hazina shida hiyo, nusu na robo, yaani 0.5 na 0.25, zinaingia kamili kwenye mfumo wa mbili, hivyo kiuno cha inchi 32 na robo kitabaki hivyohivyo milele. Vitu vidogo kama hivi mi navipenda sana kwa kweli, unaanza na futi ya fundi unajikuta umeelewa kompyuta inavyohesabu.

Databesi tumia SQLite, hizo kubwa za kuendeshwa peke yake ziache kwanza. Ni faili moja tu. Ilitengenezwa na Richard Hipp mwaka 2000 akiwa kwenye kazi ya programu za meli ya kivita ya Marekani, alitaka kitu ambacho hakitegemei seva ya databesi iwe imewaka ndo programu ifanye kazi. Leo ipo ndani ya kila simu ya Android, hata hiyo uliyoshika. Duka la nguo lenye watu wawili watatu wanaoandika inalitosha na kubaki.

Sasa seva. Usinunue chochote. Najua umeshaangalia bei za Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kiganjani, ni kidude kizuri, ila ile ya kawaida inawaka kwa memori kadi, na umeme ukikatika ghafla mara kwa mara memori kadi zinaharibika. Ile laptopu ya zamani iliyoko kabatini ni bora zaidi kwa sababu moja tu, ina betri. Umeme ukienda yenyewe inaendelea, hata kama betri imechoka ikakaa nusu saa inatosha kuizima kwa utaratibu. Weka Debian, aina ya Linux, bila desktopu, halafu kwenye faili ya mipangilio ya logind.conf iambie HandleLidSwitch iwe ignore, la sivyo shangazi akifunga mfuniko tu seva inalala. Mfumo wako usiuwashe kwa mkono kwenye terminali, andika faili ya systemd, kile kinachowasha programu za Linux, ili ujiwashe wenyewe mashine ikiwaka na ujirudishe ukianguka. Hiyo seva ndogo inayokuja na Flask, ile zana ya Python ya kutengenezea kurasa, ni ya kujaribia tu wakati unaandika, yenyewe inakuonya ukiiwasha, kwa kazi ya kweli weka gunicorn. Halafu ingia kwenye ruta uifungie laptopu anwani moja isiyobadilika, kwa sababu ukiacha ruta ijigawie, siku moja itaipa nyingine na simu ya shangazi itakuwa inatafuta mahali hapapo.

Kitu ambacho wenzako hawajakwambia ni kwamba simu na laptopu zikiwa kwenye ruta moja hazihitaji intaneti kuongea. Bando limeisha, laini ya mtandao imekatika, shangazi anaendelea kuandika vipimo kama kawaida. Lile jedwali la bure la mtandaoni litamsumbua siku hiyo. Ila kumbuka ruta haina betri, umeme ukikatika laptopu itabaki inawaka peke yake haina wa kuongea naye, kwahiyo ukipata hela kidogo cha kwanza kununua ni kale ka UPS kadogo ka ruta, kabetri ka akiba.

Na bandika karatasi juu ya hiyo laptopu. Tim Berners-Lee alipoanzisha wavuti pale CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, kompyuta yake ya NeXT, ambayo ndo seva ya kwanza ya wavuti duniani, aliibandika lebo kwa wino mwekundu kwamba hii mashine ni seva, usiizime. Dukani kwenu kuna pasi, kuna cherehani ya umeme, na soketi ni chache, mtu atachomoa tu. Andika kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa.

Umeuliza pia mi nitauonaje nikiwa huku Mwanza. Hapo kuna somo refu kidogo. Anwani za intaneti za zamani, IPv4, jumla yake ni kama bilioni 4.3 tu na zilishaisha kugawiwa, kwahiyo mitandao ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Fungua ukurasa wa ruta uangalie anwani iliyopewa upande wa nje, ikiwa inaanzia 100.64 mpaka 100.127 basi upo humo, na mtu wa nje hawezi kukufikia hata ufungue poti, yaani milango, zote za ruta, manake hiyo ruta yako siyo ya mwisho, kuna nyingine ya kampuni mbele yake ambayo huna mamlaka nayo. Vijana wengi wanakesha na mipangilio ya ruta kwa tatizo ambalo haliko kwenye ruta yao. Njia ipo, unaweza kutumia WireGuard, njia ya siri ya kuunganisha kompyuta mbili, kupitia kompyuta ndogo ya kukodi mtandaoni yenye anwani ya wazi, ila hiyo ni hatua ya baadaye.

Ninachokushauri ni seva mbili. Ya dukani ina data za kweli na haionekani nje kabisa. Ya pili ni VPS, ile kompyuta ya kukodi mtandaoni, ya bei ndogo, mfumo uleule lakini na wateja wa kubuni, hiyo ndo utamwonyesha mwajiri na mimi ntaiona. Ukiiweka hewani angalia logi za SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, hutakaa sana utaona maroboti yanajaribu pasiwedi kwenye poti 22, hayakujui wala hayana chuki na wewe, yanapita anwani zote. Zima kuingia kwa pasiwedi, tumia funguo. Cheti cha HTTPS, kinachofunga mawasiliano ya ukurasa yasisomwe na wengine, ni bure kutoka Let's Encrypt, vyeti vyake vimezoeleka kuwa vya siku 90 na ukiweka Caddy, programu ya seva ya wavuti, mbele inahuisha yenyewe.

Kuhusu usalama wa hiyo ya dukani sitaki mzaha, mwanangu. Zile ni namba za miili ya wanawake. Kifua, kiuno, nyonga, pamoja na jina na simu. Mteja amempa shangazi kwa sababu anamwamini, hajampa rafiki yako uliyemkaribisha aone mfumo, wala hajampa mteja mwingine anayetumia waifai ya dukani akisubiri. Kwahiyo kuwe na kuingia kwa pasiwedi hata kama ni humo ndani tu, na pasiwedi usizihifadhi wazi, zipitishe kwenye Argon2 au bcrypt zigeuzwe zisisomeke. Wateja wa waifai wape mtandao wa wageni, ruta nyingi zinao. Kwenye SQL, lugha ya kuiagiza databesi, usiunganishe maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya sentensi, tumia alama ya kuuliza na upeleke thamani pembeni, ifanye kila mahali hata pale unapodhani haina haja. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, isome, haina kurasa nyingi za kutisha, na hata isingekuwepo ningekwambia hivihivi.

Bakapu sasa, na hapa ndo nitakusumbua zaidi. Usikopi tu faili ya databesi wakati mfumo unaandika, unaweza kupata faili nusu nusu, SQLite ina amri yake ya .backup, itumie hiyo, iweke kwenye cron, ratiba ya kompyuta, kila usiku. Nakala moja ibaki kwenye laptopu, nyingine kwenye flashi iliyofungwa kwa pasiwedi ambayo shangazi anaenda nayo nyumbani, kwa sababu mwizi akija hachukui data, anachukua laptopu. Halafu kila mwezi chukua ile flashi, irudishe kwenye kompyuta nyingine kabisa, fungua, tafuta mteja aliyeandikwa wiki iliyopita, uone vipimo vyake. Kama hujawahi kuirudisha hujui kama unayo. Mi nikimhoji kijana kazini swali langu ni hilo, mara ya mwisho umerudisha bakapu lini na ilichukua muda gani, na wenye vyeti vizuri wengi wananyamaza. We utakuwa na jibu.

Docker, Kubernetes, zile zana za kufungasha na kuendesha programu, na hayo mengine ya kutengeneza kurasa kwa JavaScript tupu, acha kwa sasa. Docker utaifikia siku unataka VPS na laptopu viendeshe kitu kilekile bila tofauti, hapo utaona yenyewe inatatua nini. Kurasa ziwe za HTML ya kawaida, simu ya shangazi siyo mpya na kidole gumba chake kinataka vitufe vikubwa. Picha ya kitambaa tumia kile kisehemu cha kawaida cha kupakia faili, kinafungua kamera ya simu bila kuhitaji HTTPS, ukienda njia ya kamera ndani ya braoza itakukatalia kwenye http.

Daftari lisiondolewe. Aandike kote kuwili mpaka yeye mwenyewe siku moja aache kulifungua, usimwambie aache. Na kipindi cha Eid na Desemba usibadilishe chochote kwenye mfumo, hata kama umepata wazo zuri kiasi gani, liandike pembeni.

Sasa nataka vitu viwili kutoka kwako. Nitumie mchoro mpya wa majedwali ukiwa na sare za harusi ndani, na uniambie ile laptopu ina RAM kiasi gani na diski ya aina gani. GB 2 zinatosha kwa Debian bila desktopu. Diski ikiwa ni ile ya zamani ya kuzunguka usianze, ninayo SSD hapa, nitaituma kwa basi Ijumaa, uipokee stendi Msamvu.

Msalimie sana shangazi yako.

Mama yako