Ukienda gerezani kutoa msaada wa kisheria, anzia kwenye tarehe

Siku yangu ya kwanza gerezani kama msaidizi wa kisheria, hapa Kenya, niliingia na Katiba mkononi. Nikasimama mbele ya wafungwa zaidi ya hamsini, nikawasomea Kifungu cha 49 na cha 50: kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, haki ya dhamana, haki ya wakili. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mzee mmoja akainua mkono. "Mwalimu, na sisi tuliokwisha kufungwa?" Sikuwa na jibu la maana, na uso wake sijausahau.

Tangu siku hiyo hotuba nimeacha. Naketi na mtu mmoja mmoja, tunaomba hati yake ya kifungo ofisini, tunatafuta tarehe mbili: siku aliyokamatwa na siku aliyohukumiwa. Mzee yule alikamatwa Februari 2019, akakosa pesa za dhamana, akahukumiwa miaka kumi Machi 2022. Hati ilihesabu kifungo kuanzia siku ya hukumu. Miaka mitatu na ushei ya rimandi haikuonekana popote, ilhali kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaitaka mahakama izingatie muda huo. Mzee aliilaza karatasi gotini, akahesabu kwa vidole, akarudia tena, halafu akataka kujua mjukuu wake atakuwa darasa la ngapi akitoka. Tuliandika ombi kwa Mahakama Kuu, ukurasa mmoja, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Rufaa kutoka mahakama ya hakimu hukatwa ndani ya siku 14. Wengi ninaokutana nao wamekwisha kuchelewa, na wanaamini mlango umefungwa. Haujafungwa: mahakama inaweza kuipokea rufaa iliyochelewa ikipewa sababu nzuri. Muulize kilichotokea, uandike hivyo hivyo. Je, nakala ya hukumu ilichelewa? Alihamishwa gereza? Usimtungie sababu.

Hapa naomba tuwe waangalifu sana, maana tunaweza kumuumiza mtu tuliyekuja kumsaidia. Aliyekiri kosa kortini kwa kawaida hawezi kupinga kupatikana na hatia. Anachoweza kupinga ni adhabu, iwe ni ukali wake au uhalali wake. Tena Mahakama Kuu ina uwezo wa kuongeza adhabu wakati wa rufaa. Mwambie hayo kabla hajaweka sahihi, si baadaye. Nimewahi kuona kijana akikata rufaa kwa sababu tu wenzake wa bloku wote walikuwa wanakata, na hakuna aliyemweleza hatari hiyo.

Usimwahidi mtu kutoka. Gerezani neno "labda" likisemwa asubuhi, jioni limekuwa "kesho", na mama yake nyumbani ameanza kupika.

Usimhoji kuhusu kesi yake mbele ya wenzake, hasa kama ni mahabusu ambaye kesi bado inasikizwa. Mwombe afande awape kona, hata chini ya mti, mahali anapowaona lakini hasikii.

Na kila mnachoandika, kiwe nakala mbili. Watu huhamishwa ghafla, vitu hupekuliwa, karatasi huloa. Nambari ya kesi aikariri kwa kichwa. Mimi huwa namwambia anitajie mara tatu kabla sijainuka.