Wasanii wa ngoma moja: namna ninavyowasikiliza, na namna ninavyowapiga harusini

Nikipiga Don't Worry, Be Happy kwenye sherehe, hakosi mtu wa kunifuata mezani kunipongeza kwa kumkumbuka Bob Marley. Zamani nilikuwa nabisha. Siku hizi namjibu tu, "Ahsante kaka," kwa sababu harusi ya watu si mahali pa kusahihishana. Hapa lakini tuna nafasi. Bob Marley alifariki Mei 1981. Wimbo ule ulitoka 1988. Aliyeuimba ni Bobby McFerrin, Mmarekani, na ndani yake hamna chombo hata kimoja. Besi unayoisikia, miluzi, zile sauti zinazoitikia kwa nyuma, vyote vimetoka mdomoni na mwilini mwa mtu mmoja, vikarekodiwa tabaka juu ya tabaka. Septemba 1988 ulishika namba moja kwenye Billboard, chati ya nyimbo ya Marekani, wimbo wa kwanza wa sauti tupu kufika pale, na mwaka uliofuata ukabeba tuzo ya Grammy ya wimbo wa mwaka na ya rekodi ya mwaka.

McFerrin hakupanda tena juu namna hiyo, kwa hiyo kila orodha ya wasanii wa ngoma moja inamtaja. Nimeanza naye makusudi, maana kwake ndiko ulikotoka ushauri wangu wote kuhusu nyimbo za aina hii: kabla hujamwandika mtu miongoni mwa waliovuma mara moja wakapotea, uliza alipotea machoni pa nani. Huyu alikuwa keshachukua Grammy za jazi kabla dunia haijamjua. Baadaye akarekodi albamu na Yo-Yo Ma, mpiga cello, na akasimama mbele ya orkestra akiziongoza. Hakupotea popote. Alikuwa kazini kwake siku zote, sisi ndio tuliopita mlangoni mara moja, tukachungulia, tukaenda zetu.

Najua methali ya ngoma ivumayo haidumu, na watu hupenda sana kuwasomea wasanii hawa. Sawa, lakini mtazame Trevor Horn. Yeye na Geoff Downes ndio waliokuwa The Buggles, kundi lililotoa Video Killed the Radio Star mwaka 1979. Ndiyo video ya kwanza kabisa kuonyeshwa na MTV, televisheni ya muziki ya Marekani, tarehe 1 Agosti 1981. Kama mwimbaji, Horn hakuvuma tena kiasi kile. Kama mtayarishaji, alikaa nyuma ya kioo cha studio akatengeneza kazi za kundi la Frankie Goes to Hollywood na za mwimbaji Seal. Au Linda Perry, yule dada mwenye kofia aliyepasua koo kwenye What's Up? ya 4 Non Blondes mwaka 1993. Kundi lilivunjika, lakini Get the Party Started ya Pink aliiandika yeye, na Beautiful ya Christina Aguilera aliiandika yeye. Wengi tumeimba maneno yake kwa miaka bila kujua ni yuleyule.

Kwa hiyo zoee kusoma jina la mtunzi na la mtayarishaji. Programu nyingi za kusikilizia muziki kwenye simu huweka majina hayo mahali fulani, ila yamefichwa. Bonyeza vile vidoti vitatu utayakuta.

Jambo la pili, ambalo mimi binafsi ndilo linaloninyima usingizi kwa raha: mtafute mama wa wimbo. Chukua Lambada ya Kaoma. Mwaka 1989 hukuwa na pa kuukimbilia. Watu wengi huutaja kama wimbo wa Brazili, na kweli mwimbaji, Loalwa Braz, alikuwa Mbrazili na maneno ni Kireno. Ila kundi lenyewe liliundwa Ufaransa, na ule mwendo wa sauti unaopigwa kwa kodiani, unaokushika kiunoni, ulitoka Bolivia. Los Kjarkas, kundi la muziki wa milima ya Andes, waliurekodi mwaka 1981 kwa jina la Llorando se fue, mwendo wa polepole, wimbo wa mtu aliyeachwa. Wenyewe walidai haki yao, wakalipwa. Usikilize ule wa Bolivia usiku, taa zimezimwa, halafu urudi kwa Kaoma. Hutausikia tena kama zamani. Na hadithi haikuishia hapo: mwaka 2011 Jennifer Lopez akaichukua sauti ileile akaiweka kwenye On the Floor, na vijana waliocheza hawakujua kwamba wanacheza wimbo wa kilio cha Bolivia. Sasa niambie, ngoma moja hapo ni ipi?

Hapo ndipo ninapogusia maneno, na hili ni kwa wenzangu tunaokaa mezani na laptopu na spika. Tafuta maana kabla hujapiga. Lambada inaanza kwa kusema kwamba aliyewahi kumliza mwenziwe sasa ameondoka akilia. Hiyo naivumilia, kwa sababu ukumbini hakuna anayesikiliza maneno. Macarena ndiyo sipigi maharusi wakiwa katikati. Kwa wasioelewa Kihispania: Macarena ana mchumba, na siku mchumba anakula kiapo cha jeshi, bibie anajifurahisha na rafiki zake wawili. Halafu mshereheshaji anamwita bi harusi aongoze hatua! Nimewahi kumnong'oneza mshereheshaji mmoja maana yake, akaishia kuangua kicheko kwenye kipaza sauti, shughuli ikasimama kidogo.

Wimbo wenyewe, kusema ukweli, umenichosha. Toleo lililochanganywa upya na Bayside Boys wa Miami lilikaa namba moja Marekani kwa majuma 14 mwaka 1996, na nadhani majuma 14 yalitosha. Walioutunga nawaheshimu lakini. Los del Río ni wazee wawili wa karibu na Seville, walioanza kuimba pamoja tangu miaka ya 1960. Wimbo unapiga dunia nzima, wao wanakaribia miaka 50. Ukimwita mtu wa namna hiyo msanii aliyebahatisha, miaka yote ile kwenye majukwaa ya Andalusia unaiweka wapi?

Ninaoupenda kuupiga ni Mambo No. 5 wa Lou Bega, wa mwaka 1999. Huyu tuna undugu naye kidogo: alizaliwa Munich, Ujerumani, mama Mwitaliano, baba Mganda, na jina lake ni David Lubega. Ufaransa ulikaa namba moja majuma 20. Mama wa wimbo huu ni ala tupu zilizorekodiwa mwaka 1949 na Pérez Prado, Mcuba aliyejenga jina lake Mexico. Bega akachukua zile tarumbeta, akaongeza mashairi na orodha ya wanawake. Na orodha hiyo ndiyo dhahabu yako, maana hakuna ukoo usio na Monica, Rita, Tina au Mary. Mezani kwao lazima mtu asimame na kupiga kelele. Hata shangazi aliyekuwa anavua viatu ataviacha hapohapo chini ya meza na kuingia kati.

Ila chunga muda. Usifungue ukumbi kwa nyimbo hizi. Fungua na zile ambazo kila mtu anazijua kwa mwili, ziwe za dansi la zamani au za Bongo Fleva, watu waoane na sakafu kwanza. Ngoma moja iingie baada ya chakula, pale ambapo meza za nyuma zinaanza kuulizana nani ana funguo za gari. Piga moja, kisha rudi nyumbani kwenye muziki wenu. Ukizifuatanisha tatu, furaha inageuka mashindano ya nani anakumbuka nini, na vijana wanakwenda nje kupiga picha. Na usiogope kukata baada ya kiitikio cha pili, maana nyingi zimeshamaliza walichokuja kukisikia wageni.

Hiyo ni ukumbini. Nyumbani, kukata ni dhambi.

Nyumbani ningekutuma kwa Mory Kanté, ndiye ninayempenda kuliko wote niliowataja. Ulaya wanamjua kwa Yéké Yéké tu, iliyotoka 1987 na kushika chati mwaka uliofuata, singo ya kwanza ya Mwafrika kuuza zaidi ya nakala milioni moja. Kwao huyo ni wa ngoma moja. Kwa watu wa Guinea na Mali ni mambo mengine kabisa: mtoto wa ukoo wa magrioti, yaani waimbaji na watunza historia wa jadi, mpiga kora, kile kinubi cha nyuzi nyingi, aliyesimama mbele ya bendi ya Rail Band ya Bamako baada ya mwimbaji Salif Keita kuondoka. Alifariki Conakry mwezi Mei 2020.

Mimi sielewi Kimandinka, na sikuhitaji. Anza na Yéké Yéké yenyewe, ila siyo yale matoleo ya disko yaliyofukia kora chini ya ngoma za mashine. Chukua ile ya albamu ya Akwaba Beach, usikilize tarumbeta na nyuzi zinavyogombana, kisha iache albamu iendelee bila kuruka. Ukimaliza, nenda kwa Rail Band miaka ya 1970, gitaa zikiwa ndefu na hakuna mwenye haraka. Tenga jioni nzima, kwa sababu nyimbo zao nyingine zinapita dakika 10, na ukishaingia hutapenda kuitwa chakula.