Kampuni Ikinunuliwa, Kundi la Watumiaji Lisife Nayo

Habari ya kampuni kununuliwa huwafikia wateja kwa barua fupi yenye maneno matamu: hakuna kitakachobadilika, tumefurahi kuungana, asanteni kwa kuwa nasi. Barua ya namna hiyo ilinikuta nikiwa msimamizi wa kujitolea wa kundi la barua pepe ambamo watumiaji wa programu moja ya uhasibu walikuwa wakisaidiana miaka nenda miaka rudi. Seva ilikuwa ya kampuni, na jina la kundi pia. Cha kwetu kilikuwa ujuzi, na moyo wa kumjibu mtu tusiyemjua saa nne za usiku.

Niseme mapema: sijaona mmiliki mpya aliyeamka asubuhi akaamua kuliua kundi la watumiaji. Mara nyingi huwa hajui hata kama lipo. Yule mfanyakazi aliyekuwa akiitazama seva anahamishwa idara au anapunguzwa kazini, na miezi kadhaa baadaye mtu wa fedha anakuta kwenye vitabu mashine isiyo na mwenyewe. Anaizima. Ukimwandikia kulalamika, atashangaa kweli kweli. Kwa hiyo kazi ya msimamizi ni kuhakikisha vitu vya kundi vimo mikononi mwa kundi kabla mashine haijafika kwenye orodha ya huyo mtu.

Anza na hifadhi ya barua za zamani. Hapo ndipo thamani yote ilipo, maana swali linaloulizwa leo lilishajibiwa na mtu ambaye huenda ameshaacha kutumia programu hiyo. Waliokuwa kwenye Yahoo Groups, huduma ya Yahoo ya kuendeshea makundi ya barua pepe, wanajua uchungu wa kuipoteza. Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, iliinunua Yahoo mwaka 2017. Oktoba 2019 likatoka tangazo kwamba yaliyomo kwenye makundi yatafutwa, na tarehe ya kwanza iliyotajwa ilikuwa 14 Desemba mwaka huohuo. Baadaye watu waliongezewa muda hadi mwisho wa Januari 2020 ili wachukue vyao, na tarehe 15 Desemba 2020 huduma nzima ikafungwa. Makundi yaliyokuwa na nakala zao yalihamia kwingine na kuendelea. Yasiyokuwa nazo yalianza upya, kama kijiji kilichopoteza wazee wake wote kwa siku moja.

Ombeni nakala wakati mtu mnayemfahamu bado yuko ndani ya kampuni. Kama kundi linaendeshwa kwa Mailman, programu huria ya kuendeshea makundi ya barua pepe, hifadhi ya barua huweza kutolewa kama faili za mbox, ambazo programu nyingi za barua pepe huzisoma bila shida. Mwenye ruhusa kwenye seva anaweza kuwatolea kwa dakika chache. Akishaondoka, ombi lilelile litapita kwa wanasheria, na hapo sahauni. Kama mmechelewa, waulizeni wanachama wa siku nyingi: karibu kila kundi lina mtu mmoja asiyefuta barua yoyote tangu ajiunge, na watu hao ni dhahabu. Nakala zikae kwa watu wawili au zaidi, na zifunguliwe zisomwe. Faili ambayo hakuna aliyewahi kuifungua msiihesabu kuwa nakala.

Orodha ya wanachama ni jambo jingine kabisa, na hapa wasimamizi wenye nia njema huponza makundi yao. Anwani za watu ni taarifa zao binafsi. Kwa walioko Umoja wa Ulaya, sheria ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, imekuwa ikitumika tangu 25 Mei 2018, na nchi nyingine nyingi zina sheria zinazofanana nayo. Kunakili anwani zote kimyakimya na kuzimwaga kwenye seva mpya kutawaletea malalamiko ya barua taka, na kutampa mmiliki mpya sababu ya kuwakasirikia. Tumeni mwaliko kupitia kundi la zamani lingali hai, rudieni mara kadhaa kwa wiki tofauti, na kila mtu ajiunge mwenyewe. Watakaokuja mwanzoni watakuwa wachache kuliko mlivyotarajia, msivunjike moyo. Wasomaji wa kimya hutokea siku programu inapowagomea.

Halafu kuna jina. Oracle ilipokamilisha kuinunua Sun Microsystems Januari 2010, waliokuwa wakitengeneza Hudson, programu huria ya watengenezaji programu iliyoanzia Sun, walijikuta wakibishana na mmiliki mpya kuhusu nani mwenye haki ya jina hilo. Mwanzoni mwa 2011 walipiga kura, wakaondoka na msimbo wao, wakajiita Jenkins. Baadhi ya watu wa OpenOffice.org, programu huria ya kazi za ofisi iliyokuwa nayo ya Sun, walikuwa wameshapita njia hiyo tarehe 28 Septemba 2010, walipounda taasisi yao na kutangaza LibreOffice. Wale walikuwa na programu huria ya kuchukua. Nyinyi watumiaji wa programu ya kampuni mna mazungumzo tu, hivyo msigombanie jina. Kusema kundi lenu linasaidia watumiaji wa programu fulani ni sawa, lakini kusajili jina la chapa ya mwenzenu kama kikoa chenu (anwani ya mtandaoni) ni kuita barua ya wakili. Chagueni jina lenu wenyewe, na kikoa kisiwe kwenye kadi ya benki ya mtu mmoja anayeweza kuugua au kuchoka.

Upande wa ufundi sitakaa sana. Tangu Yahoo ilipokaza masharti ya DMARC (kanuni za kuthibitisha kwamba barua kweli imetoka kwenye anwani iliyotajwa) Aprili 2014, kundi linaloongeza kitu kwenye barua huku likiiacha anwani ya mwandishi kama mtumaji huweza kuona barua zikikataliwa, kwa hiyo hakikisheni mpangilio wa sehemu ya mtumaji umerekebishwa. Msijenge upya juu ya Mailman ya toleo la 2, kwa sababu inategemea Python 2, toleo la lugha ya programu lililoachwa tangu Januari 2020. Kama hamna mtu wa seva, lipieni huduma ya kuendeshewa kundi kama Groups.io mlale usingizi.

Kinachochosha zaidi ni watu. Wale wafanyakazi wa kampuni waliokuwa wakijibu maswali kwa upole watanyamaza ghafla, na huenda wamekatazwa kusema hadharani, kwa hiyo msiwaite wasaliti. Wakati huohuo watakuja wateja wenye hasira kuhusu bei na leseni, wakidhani nyinyi ndio kampuni. Sisi tuliweka maelezo mafupi chini ya kila barua kwamba hapa ni watumiaji wanaojitolea na hatuna mkono katika malipo. Lawama kwa mmiliki mpya tulizipa mjadala wake mmoja, kisha tukaufunga. (Walioapa kwa sauti kubwa kwamba wanahama, wengi bado wapo na wanauliza maswali.) Kampuni ikiwapa wasimamizi nakala ya programu ya kujaribia, mimi naona mpokee. Wakija na fedha au mkataba wa kutunza siri, kataeni, kwa sababu mtu aliyesaini kunyamaza hawezi tena kumjibu mwuliza swali kwa uhuru.

Kwa mmiliki mpya mwandikieni mtu mmoja, kwa adabu, maswali matatu: seva itabaki mpaka lini, je mnaruhusiwa kuchukua hifadhi, na jina mnaweza kulitaja vipi. Mkumbusheni kwamba kila swali mnalojibu ni simu isiyofika kwenye dawati lao la huduma. Jiwekeeni tarehe, ambayo si lazima waijue. Ikipita bila jibu la maandishi, hameni wakati anwani ya zamani bado inafanya kazi, na waombeni waielekeze kwenye mpya kwa mwaka mmoja. Wakikataa hilo, ombeni tangazo la mstari mmoja kwenye ukurasa wa zamani. Hilo hata mtu wa fedha hulikubali.