Pinboli: Weka Msasa Chini Kwanza

Barua za safari hii karibu zote zinahusu ubao wa kuchezea wa mashine ya pinboli, ile plaiwudi yenye picha ambayo gololi hupita juu yake. Walioandika bila kutaja mashine ni ya kampuni gani wala ya miaka gani nimewaruka. Dawa ya Gottlieb ya miaka ya 1960 inaweza kuua Williams ya 1992, na kinyume chake.

Fundi, ubao wangu umekuwa mweusi na umechujuka mbele ya flipa, vile vibao vinavyopiga gololi kuirudisha juu. Nianze na msasa namba ngapi? (Kasarani)

Hakuna namba. Swali hili huja kila mara, na nusu ya wanaouliza huwa wameshapiga msasa tayari, sasa wanatafuta wa kuwafariji.

Picha ya ubao imechapwa kwa skrini, tabaka jembamba sana, na juu yake pana laka tu. Msasa wa 400 ukipita mara chache unafika kwenye mbao. Isitoshe, weusi mwingi unaouona si uchakavu. Ni vumbi la raba na la chuma lililojikita kwenye mikwaruzo, na linatoka.

Piga picha kila pembe ya ubao, juu na chini, kabla hujafungua skrubu hata moja. Toa raba, nguzo na plastiki, kila eneo na mfuko wake wenye maandishi. Fyonza vumbi. Kisha pangusa kwa nafta, yaani ile petroli ya kujazia viberiti vya chuma, ukitumia kitambaa cheupe cha pamba hadi kitoke safi. Fungua madirisha, na usiwe na jiko wala sigara karibu. Palipobaki sugu, lowesha kidogo sponji ya melamini (ile nyeupe ya kufutia madoa) kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua taratibu eneo la kiganja kimoja, pangusa mara moja kabla haijakauka, ndipo usogee. Kitambaa kikianza kubeba wekundu au ubuluu wa picha, acha hapo hapo: laka imekwisha na sasa unafuta picha yenyewe. Mashine nyingi za Williams na Bally za miaka ya 1990 zina tabaka gumu la yurethani na huvumilia kazi hii. Laka ya zamani haina subira hiyo.

Alkoholi hiyo itafute kwa wauza vifaa vya elektroniki, barabara ya Luthuli jijini Nairobi kwa mfano. Spiriti ya hospitali iache dukani, kwa kuwa huongezwa mafuta ya mbarika na huacha utando ambao rangi haitashika. Maji ya sabuni nayo hapana: yakipenya pale mbao ilipo wazi, plaiwudi inavimba na rangi ya kando inanyanyuka.

Ukimaliza kusafisha, tazama upya. Mara nyingi kilichobaki ni mabaka mawili matatu, na nta ya kanauba inatosha kabisa kwa mtu anayeanza.

Kuna jamaa anachapisha mabango. Si nimpe picha anitolee stika ya ubao mzima? (Umoja)

Hapana. Stika haizibi shimo, haisawazishi lenzi (plastiki ya taa) iliyozama, na ukingo wake kwenye kila tundu ndio gololi itakaoupiga hadi ubanduke. Ukiitoa baadaye inang'oka na picha ya asili, kisha unabaki huna hiki wala kile.

Zile plastiki za taa zimezama, gololi ikifika hapo inakwenda upande. (South B)

Umefanya vizuri kueleza gololi inavyokwenda, maana hilo ndilo lenye maana. Lenzi hizo hushikiliwa na gundi ambayo huzeeka kwa miaka mingi ya joto la balbu. Weka rula ya chuma juu ya kila moja utazame mwanga unapitia wapi, kisha uisukume kwa kidole kutoka chini.

Inayocheza lakini imekaa sawa, dondoshea supagluu nyepesi kwenye mzingo wake kutokea chini. Inajipenyeza yenyewe. Matone mawili yanatosha. Ukizidisha, mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki.

Iliyozama, ipashe joto kwa kikausha nywele kutokea chini, kisha isukume nje kwa kijiti cha mbao kinachokaribia upana wake. Kwangua gundi kuukuu ndani ya tundu, kwaruza ubavu wa lenzi kwa msasa wa 120 (naam, hapa msasa unaruhusiwa), pakaza epoksi ya kukauka polepole, si ile ya dakika 5. Irudishe, funika kwa karatasi ya nailoni, weka kipande cha mbao kilichonyooka juu yake, bana kwa klampu, uache saa 24.

Ila kama juu ya lenzi pamechapwa maandishi au mistari ya picha na lenzi yenyewe haichezi, usiisukume. Maandishi yatapasuka kwenye mzingo. Hiyo jaza bonde lake kwa klia, yaani laka angavu isiyo na rangi, tone kwa tone, tabaka kwa tabaka, kisha isawazishe.

Nimejaribu kuchanganya rangi mara nyingi na bado kiraka kinaonekana. (Ngara)

Sababu huwa mojawapo kati ya hizi tatu. Kwanza, unachanganya usiku chini ya taa. Changanya mchana, karibu na dirisha. Pili, unailinganisha ikiwa mbichi, ilhali akriliki hukolea ikikauka. Paka tone kwenye ile karatasi angavu ya plastiki wanayobaindia vitabu kwenye saiba, iache ikauke, kisha iweke juu ya ubao palepale penye kiraka. Tatu, unatumia nyeupe ya kopo. Nyeupe ya ubao wa miaka 40 si nyeupe tena, ina manjano na chembe ya kahawia, na kiraka cheupe safi huonekana kutoka mlangoni.

Kabla ya rangi yoyote, ziba ubao kwa tabaka jepesi la klia, lisugue kidogo kwa msasa laini wa 800, ndipo upake. Faida yake ni kwamba ukikosea unafuta kiraka kwa kitambaa chenye unyevu kabla hakijakomaa, na picha ya asili iko salama chini. Paka mara mbili tatu kwa wepesi. Mistari myeusi ije mwisho, maana ndiyo inayoficha maungio ya rangi. Na usibandike maskintepu ya bei ya chini juu ya rangi kuukuu, itaondoka nayo.

Fundi wa magari hapa Kirinyaga Road amesema atanipigia klia siku moja tu. Nimpe? (Pangani)

Klia ya magari ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuigandisha) ndiyo imara kuliko zote. Shida ni mazoea: fundi wa gari amezoea bati, na jambo la kwanza atakalofanya ni kuusugua ubao wako hadi mbao ionekane. Mpe ubao mtupu, uliosafishwa, lenzi zimesawazishwa, rangi imekauka, na umwambie kwa mdomo na kwa maandishi: asisugue, asijaze tundu kwa filla.

Kama uliwahi kupaka polishi ya fanicha yenye silikoni, mwambie mapema. Klia itakimbia na kuacha vitundu kila mahali, na atadhani ni thina mbovu. Tabaka la kwanza liwe jepesi kama vumbi. Likiwa zito, thina yake inakunja rangi uliyopaka. Yafuate mawili au matatu yaliyolowa, kisha siku nzima ya kukauka, msasa wa maji wa 800 kwenye kibao, upigaji wa pili, halafu 1000, 1500, 2000 na kompaundi. Huoni siku moja hapo. Baada ya hayo subiri wiki tatu au nne kabla ya kukaza nguzo, la sivyo zitadidimia kwenye klia na kuacha alama za pete. Masika usikimbilie, unyevu huo huweka weupe kwenye laka na huvuruga hadena.

Hukuuliza, lakini nasema: usipulize klia hii kwenye korido ya ploti wala jikoni. Hadena ina isosianati, ambayo huweza kusababisha pumu isiyoondoka, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii chochote. Kama huna chumba cha kupulizia na kifaa cha hewa safi, mwachie aliye navyo, au tumia vanishi ya maji kwa brashi ya sponji. Haidumu sana, ila mapafu yako yatadumu.

Naweza kuichomeka tu kwa stima nione kama inawaka? (Rongai)

Soma kibati cha nyuma. Mashine iliyotoka Marekani hungojea volti 115 au 120. Soketi yako inatoa 240. Nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina transfoma inayobadilishwa kwa kuhamisha waya kulingana na mchoro wa mashine hiyo. Kama hujui kuusoma, nunua transfoma ya kushusha, wati 500 au zaidi. Fyuzi iliyoungua usiifunge kwa waya. Na ukiwa umefungua kichwa cha mashine, toa betri za AA; zikivuja zinakula bodi, na bodi ni ghali kuliko ubao.

Gololi za zamani bado zinang'aa kiasi. Nizirudishe? (Embakasi)

Zitupe. Gololi ya milimita 27 yenye vidoa vya kutu ni msasa unaotembea.

Kioo cha juu kimevunjika, nikate cha kawaida cha dirisha? (Kilimani)

Cha dirisha kikipasuka kinatoa mapande marefu juu ya mikono ya mchezaji. Agiza kilichotempawa, na vipimo viwe sahihi tangu mwanzo kwa sababu kikishatempawa hakikatiki tena. Mashine nyingi za ukubwa wa kawaida huchukua milimita 533 kwa 1092, unene karibu 4.8. Cha milimita 5 huweza kukaza kwenye mfereji wa plastiki unaoshika kioo, kwa hiyo beba kipande cha mfereji huo uende nacho dukani.