Bwana yangu alizama Kituku, mwili hatujauona, nifanye kilio?

Mama, jambo. Ile bato yenye ilitoka Minova ikazama mu Ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku, hapa Goma, tarehe 3 mwezi wa 10, 2024, bwana yangu alikuwa ndani, alienda kutafuta maharagi ya kuuzisha na barabara ya Sake vita ilikuwa imeifunga. Nilizunguka mpaka mu morge, nikafunua shuka moja moja, hayuko. Sasa mama mukwe anasema tuzike mugomba wa ndizi mahali pa mwili kama wazee walivyokuwa wanafanya, tumalize. Moyo unakataa. Viatu vyake viko bado ku mlango, na kila mwezi ninamtumia inite za simu za franka 500 ku namba yake ili wasiikate. Mutoto wetu wa miaka 6 akiuliza papa anarudi lini ninasema amesafiri. Wenzangu wa kanisa wanasema nimeanza kuchanganyikiwa. Ni kweli?
Mama wa Ndosho

Pole sana mama yangu. Hapana, haujachanganyikiwa. Kitu chenye kilikupata njo hakieleweki, si kichwa chako. Kuko mama mmoja wa Marekani anaitwa Pauline Boss, miaka ya 1970 alianza kuongea na wake za marubani waliopotea kule Vietnam, hawakurudi na hawakuzikwa, akaona wale wanawake si wagonjwa, wamebeba msiba usio na hakika, na anasema mtu anaweza kushika mambo mawili pamoja: pengine amekufa, pengine hapana. Yote mawili mu kichwa kimoja. Wenye wanakulazimisha kuchagua moja wanataka wao wapumzike, na ninasema hivyo bila kuwachukia.

Na usijihukumu ati haukutafuta vizuri. Ziwa Kivu kule kati linashuka mpaka mita 485. Ulifunua zile shuka kwa mikono yako, inatosha mama, inatosha kabisa.

Juu ya mugomba. Kumbuka mama mukwe naye amepoteza mutoto wake wa tumbo, anatafuta pa kulilia, basi msigombane. Mwambie hivi: mama, kilio nakubali, watu waje, tuombe, tulie, tupike, lakini kaburi bado. Wenye watakuja wakalie tu jina lake na mambo aliyofanya. Sisi kwetu njo tulifanya hivyo. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipotoka, tulikimbia usiku kuelekea Gisenyi, kule Rwanda, na mama mdogo wangu alibaki nyuma kidogo kufunga mlango, mpaka leo. Hakuna kaburi. Lakini kila 17 Januari tunakutana, tunapika sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, za kukaanga na ndimu nyingi vile alipenda, kila mtu anasema neno moja juu yake, na hakuna anayelazimishwa kusema marehemu. Miaka ya kwanza tulikuwa tunalia tu, sasa tunacheka pia.

Mutoto sasa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe: acha kumwambia amesafiri. Mutoto akisikia amesafiri anangojea kila bato, na siku atajua ukweli ku barabara kutoka kwa watoto wengine atakukasirikia wewe. Mwambie papa alipanda bato, bato ikazama, tumemtafuta sana hatujamuona, sijui kama atarudi, na mimi niko hapa. Atauliza tena kesho na kesho kutwa, ujibu vile vile.

Kama haujaandikisha jina lake kwa Msalaba Mwekundu, enda na picha, majina yote, nguo alizovaa. Ni bure, haulipi kitu. Na mtu akikupigia ati nimemuona ku kisiwa cha Idjwi, tuma kwanza dola 20, kata simu.

Viatu usiviondoe kwa sababu tu wenzako wa kanisa wamesema. Ila usiku ukiacha kulala, chakula kikikushinda wiki nyingi, ao ukifikiria kumfuata, usikae na hayo peke yako, ita mtu wako wa karibu siku ileile na umwombe akupeleke ku centre de santé, uongee na mtu wa kusikiliza.

Na zile inite za franka 500, kama haziondoi unga wa mutoto, tuma. Siku moja pengine mwezi utapita haukutuma, na utashtuka. Siku hiyo usilie ati umemsahau. Na ukitaka kutuma tena mwezi unaofuata, tuma tu.