Kuhusu Luka 13, na ile sweta

Mwende wangu,

Umeniuliza kama Luka 13 yafaa kusomwa kwenye ibada yenu ya kuwakumbuka watu 148 waliouawa pale chuoni Garissa, Aprili 2, 2015. Wagalilaya, umesema, Pilato aliwaua wakitoa dhabihu. Na Garissa wako waliouawa alfajiri wakiwa kwenye maombi, kesho yake ikiwa Ijumaa Kuu. Yanafanana, sikatai.

Ila mimi nikiisikia sura hiyo naiona sweta.

Jumamosi ile nilimsindikiza jirani yetu wa lango la kijani hadi uwanja wa Nyayo. Alikuwa amembebea mwanawe sweta: anatoka kwenye joto la Garissa, baridi ya Nairobi itamshika kifua. Kila basi la walionusurika lilipoingia, alisimama akaikunjua. Likishusha wa mwisho, anaikunja tena, mkono juu ya mkono, kama ya dukani. Baadaye tukaelekezwa Chiromo, mochari.

Kwenye matanga nikapewa Biblia mimi, kwa kuwa sauti yangu inafika nyuma. Je, Wagalilaya hao walikuwa wenye dhambi kuliko wengine? "Nawaambia, Sivyo." Hapo ningefunga kitabu. Sikufunga. Nikaendelea: "lakini msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo." Akaniangalia, sweta magotini, akasema polepole, "Mama Mwende, yeye alikuwa kwenye maombi. Atubu nini tena?" Baba yako anasema hakuna aliyesikia. Mimi nilisikia.

Sigombani na Luka. Bwana alisema yote mawili, na mimi ni nani nimkatize? Lakini angalia alikuwa akiongea na nani: waliomletea habari, si waliofiwa. Au najitetea tu? Maana angalau wao hawakumsomea mfiwa kitu. Mnajua nililowaambia tangu mkiwa wadogo: msibani sukari hutangulia, neno hufuata. Na siku ile nilitangulia na sukari, kilo mbili, na bado neno likanitoka vibaya. Hata hivyo sukari hutangulia, hapo sibanduki.

Sasa, msome au msisome? Mchungaji wenu ana akili zake. Mimi ningekuwa ni mimi... haya, nanyamaza. Ila uliza kwanza nani ataketi benchi la mbele.

Jirani bado huja kuazima ungo wangu. Jana alikuja. Ile sweta sijaiona tena, wala sijauliza.

Mama yako